Bwana Harusi Asiyeimba Kiitikio

Jumapili, 4 Mei

"Msanii aliyewahi kuwaliza watu kwa mapenzi, leo anaishi kwa kuwatia watu hasira kwenye ukumbi wa mieleka. Huko si kubadili kazi. Huko ni kufa ukiwa umesimama."

Ndivyo alivyoandika Mhakiki leo, ukurasa wa burudani, na picha ya mdogo wangu katikati: suti nyeupe, mdomo wazi, kidole juu. Nimesoma mara mbili, chai ikapoa. Kufa ukiwa umesimama — sentensi nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Mjinga akiandika vibaya unamwacha apite. Huyu anajua kuandika.

Basi nimjibu hapa kwanza, nipunguze moto.

Moja. Mwigizaji wa jukwaani huchomwa kisu kila jioni, na baada ya saa moja yuko mezani anakula. Hatumwiti mwongo. Tunampa tuzo. Mwanamieleka akianguka chali juu ya mbao, akaamka na uvimbe wa kweli mgongoni, tunasema huyo anajifanya. Mbili. Nimesoma tamthilia za watu wa kale na za watu wa jana, na kote nilikopita adui ndiye anayebeba mzigo. Stelingi anahitaji kifua tu. Adui anahitaji akili. Tatu — ya tatu imenitoka kwa hasira.

Na huyo Mhakiki amewahi kuingia ukumbini? Sidhani. Angeona anachokifanya Kitinda. (Kitinda ndilo jina lake nyumbani, ndiye aliyefunga tumbo la mama.) Kabla ya pambano anaingia kama Bwana Harusi, ua kifuani, viatu vinang'aa. Nyuma yake Kontena, mwanamieleka wake, mtu mpana kama mlango wa gereji. Kitinda anachukua maikrofoni na kuimba ule wimbo wake uliopigwa kwenye kila harusi miaka nenda miaka rudi. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Taratibu, vizuri kabisa, mpaka ukumbi mzima umevuta pumzi kungoja kiitikio. Hapo ananyamaza. Anawatazama safu kwa safu.

"Hamstahili," anasema, na maikrofoni anaiweka chini.

Ukumbi unawaka. Nimeona kina mama wenye miwani ya kusomea wakipanda juu ya viti. Nimeona karani wa benki, mtu wa tai, akivua kiatu. Maiti haiwezi kufanya hivyo kwa watu.

Kesho naandika jibu lenyewe.

Jumatatu, 5 Mei

Mama amenikuta mezani. Anaishi kwangu tangu magoti yalipoanza kumsumbua, na kila Jumamosi hukaa mbele ya televisheni kumzomea mwanawe kwa nguvu zake zote, mikono miwili mdomoni kama tarumbeta. Mimi nikicheka hunikemea: "Mzomee vizuri. Ndiyo kazi yake, usimnyime."

Nimemsomea mwanzo wa makala. Akauliza namjibu Mhakiki wa nini.

"Amemtukana mwanao, mama."

"Amemchukia. Si ndicho mwanangu anachotafuta?"

Nikaeleza kwamba chuki ya ukumbini ni mchezo, ila dharau ya msomi ni kitu kingine, ina historia yake, inatokana na wale waliodhani kwamba sanaa ni ya watu waliokaa kimya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Wewe ukikuta mlango umefungwa huwezi kupita zako. Lazima usimame ubishane na kitasa."

Nimecheka. Nimeendelea kuandika.

Ila hoja zote nilizonazo ni za vitabuni, na Mhakiki vitabu anavyo. Nina karata moja tu asiyokuwa nayo. Kitinda alipasuliwa koo. Kile kipande cha juu cha kiitikio, kile kilichomfanya awe yeye, kilibaki kwenye meza ya daktari. Alijaribu kurudi. Nilikuwepo ukumbini. Beti zikaenda sawa, akafika kwenye kiitikio, sauti ikapasuka kama kijiti kikavu. Watu wakasimama wakampigia makofi. Marefu, ya huruma, wengine wanalia. Alikaa ndani ya gari langu akitabasamu tu mpaka nyumbani, na baada ya hapo hakuimba tena, hata bafuni.

Kisha yule mama tunayemwita Promota akamwomba afungue usiku wa mieleka kwa nyimbo mbili tu. Kitinda akafika palepale kwenye kiitikio, hofu ikamkamata, akanyamaza. Mdomo ukasema wenyewe: hamstahili. Wakamzomea nusu waezue paa. Nilimwona usoni. Alikuwa kama mtu aliyerudishiwa ufunguo wa nyumba yake.

Waliopiga makofi walidhani ni uchovu wa miaka; habari ya kisu na hofu tunaijua sisi wa nyumbani, daktari, Promota na Kontena. Watu wa mieleka wana mwiko wao: adui haelezwi. Hata dukani Bwana Harusi hamsalimii mtu, anakataa kupiga picha na watoto, kisha anakuja kwangu anamkanda mama magoti.

Mhakiki akijua, atanyamaza siku zote za maisha yake.

Jumatano, 7 Mei

Nimetuma. Kurasa tatu. Koo liko humo, na makofi yale, na kiitikio kilichobaki kwa daktari.

Mhariri amepiga simu baada ya kusoma. Alikuwa analia. Huyu ni mtu ambaye nilimwandikia tanzia ya baba yake mzazi akairudisha na alama nyekundu.

Sikumuuliza Kitinda. Yuko safarini na kundi lake, na mimi kumtetea sijawahi kuomba ruhusa. Shuleni alipochekwa kwa kuimba peke yake njiani, nilipigana na wavulana wawili waliokuwa wakubwa kuliko mimi. Hakuniomba. Nilirudi na mkono wa gauni umechanika, yeye anaendelea kuimba.

Alhamisi, 8 Mei

Imetoka. Simu haijapumzika.

Muuza dawa amenishika mkono juu ya kaunta na kusema hakujua, masikini, hakujua. Jirani wa juu, ambaye hatujasalimiana tangu ugomvi wa maji, amegonga mlango kuniambia kwamba wimbo ule ulipigwa siku ya harusi yake. Na saa kumi jioni — Mhakiki mwenyewe.

"Dada," anasema, "umenipiga chali. Sikuwa na habari. Nitaandika kuomba radhi."

Miaka yote niliyobishana na watu sijapata kuona mpinzani akilala chini namna hiyo bila hata kutafuta kamba. Nimetembea chumbani mara kadhaa kama jogoo.

Mama amesoma makala kwa kioo chake cha kukuzia maandishi. Ameikunja. Ameniuliza kama mdogo wangu ameiona.

Ameiona. Ameandika maneno machache tu kwenye simu, akiniita kwa jina alilonipa utotoni kwa ubishi wangu: "Nimesoma, Wakili. Tutaongea." Nadhani imemgusa.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Nilifurahi. Niliona fulana za zamani, zile za ziara yake ya kwanza, zimebana matumbo ya watu waliozeeka naye. Taa zikazimwa, akaingia, na kelele iliyotoka haikuwa ile. Ilikuwa laini. Ilikuwa "aaah", kama watu walioonyeshwa mtoto mchanga.

Akaimba ubeti wa kwanza. Watu wamewasha taa za simu. Ubeti wa pili. Akanyamaza. Akawatazama safu kwa safu kama siku zote, kidole juu.

"Hamstahili" aliisema. Nimeona midomo yake. Hakuna aliyesikia, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa umeanza kumwimbia kiitikio. Wote. Taratibu, kwa kumbembeleza, kama wanavyomlaza mgonjwa. Wakafika kwenye kile kipande cha juu wakakiimba wao, kwa niaba yake, na kisha wakapiga makofi. Mwanamke wa pembeni yangu alinishika mkono, machozi yanamtiririka. "Masikini," ananiambia, "ameteseka sana huyu."

Kontena kazi yake ni kunguruma. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha akaingia stelingi, yule kijana wa kaptula ya bluu anayependwa na kila mtu, kuja kumpiga Kontena kama ilivyopangwa. Wakamzomea. Walimzomea stelingi! Atawezaje kumpiga mtu wa mgonjwa? Kijana wa watu akasimama katikati ya ulingo, hajui aweke wapi mikono. Refa akawa anawaangalia wote wawili kama mtu aliyeingia msiba usio wake. Pambano likaisha kabla ya wakati, hakuna aliyejua nani kashinda.

Na Kitinda amesimama pembeni ya kamba, suti nyeupe, anatabasamu. Tabasamu lile nimeliona mara moja tu maishani. Lilikuwa ndani ya gari langu.

Jumapili, 11 Mei

Amekuja asubuhi na mkate. Amembusu mama. Amekanda magoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, ugomvi nauweza. Hakuleta.

Mama ndiye aliyeanza. "Dada yako amekutetea mpaka amekuvua nguo."

"Mama, mwache. Ameandika vizuri."

"Vizuri ndiko kulikokuponza. Angeandika vibaya nani angesoma?"

Nikasema, nilitaka tu Mhakiki anyamaze. Nikasema ni haki watu wajue alichopitia. Nikasema mengi. Aliniachia nimalize, anaendelea na goti la kushoto.

"Wakili," akasema, "mtu akinizomea ananitazama. Ananitazama sawasawa, anatafuta pa kunipiga. Akinihurumia anatazama koo."

Nikachukua kisu nikakata mkate badala ya kubishana. Naandika hili kwa kuwa halijawahi kutokea.

"Wale watu nilikuwa nawanyima kitu," anasema. "Kila Jumamosi nilikuwa nacho, wao hawana, wanakitaka. Sasa wanajua sina. Nitawanyima nini?"

Mama akauliza Promota anasemaje. Kitinda akasema Promota hasemi, anapumua tu, na hiyo ndiyo mbaya.

Alipokuwa anaondoka nilimfuata mpaka kwenye ngazi. Nikamwambia nitarekebisha. Akacheka — kicheko chake kabisa, cha utotoni. "Hapo ndipo naogopa," akasema.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda mazoezini bila kualikwa. Ni bohari la zamani, ulingo katikati, harufu ya jasho na dawa ya kuchua. Mtu akiangushwa pale unasikia mbao mpaka kwenye meno. Promota alikuwa ameketi juu ya kreti na kikombe chake, mwanamke mfupi mwenye shingo ya nguvu. Enzi zake naye alipigana.

"Ndiye huyu," akawaambia wengine. "Amefanya kwa kalamu kitu ambacho wapinzani wangu hawajaweza kwa matangazo."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi aweke kwenye kabati gani? "Mimi nauza hasira, dada. Watu wanakuja wamebanwa na mabosi, na wake, na waume, wanataka mtu wa kumkasirikia halafu walale vizuri. Huruma wanayo nyumbani. Huruma hainunuliwi tiketi mara ya pili."

Ametoa njia mbili. Ya kwanza: Bwana Harusi awe mtu mwema. Aimbe wimbo mzima, na pale kwenye kiitikio iwekwe sauti yake ya zamani ya kwenye kanda, yeye achezeshe mdomo. Kitinda hakungoja amalize.

"Hapana."

"Hutafakari hata kidogo?"

"Promota, hapana."

Ya pili ni Jumamosi hii. Ataingia kama kawaida. Refa atasikiliza ukumbi. Wakimzomea, refa atagusa sikio, na Bwana Harusi anaendelea kuishi. Wakimwimbia, refa ataacha mikono chini, na Kontena atamgeuka bwana wake, atamnyanyua na kumrusha nje ya kamba mbele ya watu wote. Huo ndio utakuwa mwisho wake. Adui akishafukuzwa na mtu wake mwenyewe harudi ulingoni, ndivyo walivyo.

Kontena alikuwa anafunga bandeji kwenye kifundo. Ameinua kichwa. "Nimrushe kwa upole?"

"Umrushe kama gunia," Promota akasema.

"Ana shingo mbovu."

"Basi umrushe kama gunia la mayai."

Wamecheka wote, na Kitinda zaidi ya wote. Baadaye nilimwona Kontena nyuma ya ulingo, peke yake, akifanya mazoezi ya kumbeba mtu asiyekuwepo na kumteremsha chini polepole. Amefanya hivyo mara nyingi. Aliponiona akajifanya anajinyoosha. "Dada Mkubwa," akaniambia, "huyu ndiye aliyenifundisha kuingia ukumbini. Mimi nilikuwa naingia kama mtu anayetafuta choo."

Jumatano, 14 Mei

Mhakiki ameomba radhi. Safu nzima. Imeandikwa vizuri, shetani achukue. Mwisho anasema: "Jumamosi tuje na maua. Akinyamaza tumwimbie. Tumrudishie kiitikio chake."

Nimechukua teksi mpaka ofisini kwake. Alinipokea amesimama, akafuta kiti kwa leso.

"Nimekuja kukuomba unishambulie," nikamwambia.

"Dada?"

"Rudi kwenye msimamo wako wa kwanza. Ulikuwa msimamo mzuri. Sema mimi ni dada mwenye upendeleo, sema tumetunga, sema mdogo wangu ni mtu wa majivuno aliyeshindwa muziki akakimbilia sarakasi. Nitakupa hata mifano."

Akatikisa kichwa, macho yamelowa. Akasema sasa ndiyo ameelewa jinsi familia yetu ilivyo na unyenyekevu.

Nikamweleza. Nimemweleza kila kitu — hasira, huruma, anachouza Promota, sikio la refa. Nimetumia sauti niliyowahi kumtumia waziri. Alisikiliza. Kisha akasema kwa upole, kama anayezungumza na mfiwa, kwamba maumivu mara nyingi hukataa faraja, amesoma hilo mahali fulani, na kwamba Kitinda akisikia upendo wa ukumbi mzima ukuta huo utaanguka.

"Ulisoma wapi?"

"Kwenye kitabu chako wewe," akasema. "Kile cha insha."

Sikumbuki kuandika upuuzi huo. Nimekitafuta. Upo.

Alhamisi, 15 Mei

Kitinda amejaribu mwenyewe. Asubuhi alikwenda redioni, kipindi cha simu za wasikilizaji, ili awaudhi. Mama na mimi tulikuwa jikoni tumeongeza sauti.

Alianza vizuri. Akasema mashabiki wake hawana sikio, walipenda wimbo ule kwa sababu hawakuelewa maneno. Mama akapiga meza: "Haya, hapo!" Akasema wanaume wa mji huu wanavaa suti kama waliokopeshwa. Akasema harusi zilizopigwa wimbo wake nusu zimekwisha vunjika, na nusu nyingine zingepaswa.

Simu ya kwanza: mwanamke. "Kaka, toa yote. Usibaki nayo moyoni."

Simu ya pili: mwanamume, dereva wa lori, amesimamisha gari pembeni ya barabara ili apige. Anasema ndoa yake ni kweli imevunjika, na anamshukuru kwa kulisema.

Simu ya tatu hawakuelewana, mpigaji alikuwa analia.

Mtangazaji akamuuliza Kontena, aliyekuwa studioni kama mlinzi, kama ana la kusema. Amefundishwa kunguruma. Akanguruma. Mtangazaji akasema, "Mnamsikia? Hata rafiki yake hana maneno."

Tulizima redio. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, mimi nikamfuata, na katikati ya kicheko akaacha ghafla akasema, "Watamuua kwa wema, hawa."

Ijumaa, 16 Mei

Nimeandika makala nyingine tangu alfajiri. Ni kitu bora kuliko vyote nilivyoandika mwaka huu. Inawaambia watu wazi: kesho mzomeeni, huo ndio upendo, mengine yote ni kujifurahisha ninyi wenyewe. Mhariri ameacha nafasi ukurasa wa kwanza.

Nimemsomea Kitinda kwa simu kabla ya kutuma. Angalau safari hii nimeuliza.

"Kali sana," akasema. "Usiitoe."

"Kwa nini? Kila neno ni kweli."

"Ndiyo. Na watakutii. Watanizomea kwa ajili yako, wananipenda moyoni, wanakonyezana. Nitasikia. Mimi zomeo la kweli nalijua kama wewe unavyoijua hoja." Halafu: "Wakili, hili niachie. Uje ukumbini ukae kama watu wengine. Usiandike, usisimame, usimwelimishe mtu wa jirani."

"Na wakikuimbia?"

"Basi wameniimbia."

Nikamwahidi. Nimempigia mhariri nikasema hapana, akadhani naumwa. Naijua thamani ya ahadi hiyo kuliko mtu yeyote: sijawahi kunyamaza nikiwa na haki. Nikiwa sina, mara chache.

Jumamosi, 17 Mei

Niko ukumbini, shajara iko juu ya paja. Aliniambia nisiandike, hakusema shajara. Nitabishana naye kesho juu ya hilo.

Mama amekuja. Amekataa kubaki na televisheni. Kontena ametoka nyuma na vazi lake lote la vitisho, akambeba ngazini mikononi kama sinia ya vikombe, watu wakasahau kuogopa. Amemweka hapa kando yangu, safu ya nne. Fimbo yake iko kati ya magoti.

Maua kila mahali. Mhakiki yuko upande wa pili, ameniinamia kwa heshima. Safu ya pili kuna kina mama saba au wanane waliokuja pamoja, vitambaa vya njano kichwani, wamechapisha uso wa Kitinda kwenye bango: uso wa zamani, wa kabla ya koo. Chini wameandika TUKO NAWE. Mmoja amegeuka amemtambua mama, akampa ua. Mama amelipokea, amelitazama, amelikalia.

"Mama."

"Limeanguka."

Pambano la kwanza limekwisha. Watu hawalitazami sana. Wanapashana koo — wanapashana koo! Nasikia pale mbele wanapeana sauti ya kuanzia, wamegawana, wengine juu wengine chini. Wamefanya mazoezi. Wamekutana mahali, wakaacha kazi zao, wakafanya mazoezi ya kummaliza mdogo wangu kwa mpangilio mzuri wa sauti.

Refa yuko kwenye kona yake. Mikono chini. Ni mapema, najua.

Mwanamume wa kulia kwangu ananiuliza kama mimi ndiye yule dada wa kwenye gazeti. Nimesema siye. Mama ameniangalia kwa heshima ambayo sijaiona siku nyingi.

Taa zimezimwa. Naandika bila kuuona mstari.

Anaingia. Ile "aaah" tena, na maua yanarushwa. Amelikanyaga moja. Amelikanyaga kwa kisigino na kulisaga, polepole, akimwangalia aliyelirusha. Vizuri. Mtu mmoja nyuma ameguna. Wengine wanasema pole.

Ubeti wa kwanza. Sauti iko safi leo kuliko miezi yote, na hilo ni baya. Mwanamume wa kulia analia tayari. Kontena nyuma yake, mikono imekunjwa, macho kwa refa.

Ubeti wa pili. Hatazami koo la mtu, anatazama macho. Anazitazama safu, anafika ya pili, anasimama hapo. Mwenye kitambaa cha njano wa katikati ameshavuta pumzi. Namwona mabega yanapanda.

Nimeahidi kutosimama. Mama hakuahidi, na fimbo yake imeanza kutafuta sakafu: anataka kusimama amzomee kama afanyavyo nyumbani.

Ninyi wa safu ya pili. Ninyi wenye bango, wewe wa katikati na wenzako mliogawana sauti. Hamtasoma hili, basi nawaamuru huku huku: rudisheni pumzi hiyo ndani. Msimwimbie. Msimsaidie. Huyu aliye mbele yenu haumwi. Yuko kazini, na kazi yake ni ninyi. Mmekuja na usafiri wenu na maua yenu kusikia kiitikio, na hampewi. Hamuoni anavyowatazama? Anawadharau kwa moyo wake wote, anawadharau kama mtu anayewahitaji. Mkasirikieni. Fungeni midomo yenu ya njano na mwacheni awanyime —